Mbuzi wa Mama Makena na Ngazi ya Sukari

Kule Mitunguu kuna watu ambao hadi leo hawajui jina langu. Nikipita karibu na kituo cha kupimia ndizi wananiita Mkwe wa Uji, wengine wananiuliza kama nimeshakunywa, na siwezi kuwalaumu kwa sababu walikuwepo Jumamosi ile niliposimama mbele ya watu kama arobaini, nimefunga tai, nikatangaza kwamba nimegundua kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukiona. Aibu ninaikubali. Ninachokataa ni kusimuliwa na watu wengine, kila mmoja akitia chumvi yake (juzi nimesikia ati nililia, sikulia, ni jasho lilipitia machoni), kwa hiyo acheni niseme mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Naitwa Njeru, ni mtu wa Embu, naishi mtaa wa Dallas hapo hapo mjini, na kazi yangu ni kupima sukari. Si sukari ya chai. Protini nyingi, ziwe za damu au za maziwa, hazitembei uchi. Huvaa vijinyororo vya sukari, na mavazi hayo ndiyo huzisaidia kutambulika na kufanya kazi yake. Sisi tunachukua maziwa ya mbuzi, tunatenga protini, tunakata vile vijinyororo kwa kimeng'enya, kisha tunavipeleka Nairobi kwenye mashine ambayo tunaipangia foleni kwa wiki nyingi. Mashine yenyewe haioni chochote, inapima uzito tu. Ni kama mnunuzi wa ndizi aliyefungwa kitambaa machoni, anapewa mkungu juu ya mzani, halafu kwa kilo peke yake anatakiwa aseme ni ndizi ya aina gani na ina vidole vingapi.

Mkubwa wangu kazini ni Daktari Wawira, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambaye sijawahi kumsikia akigomba na ambaye sote tunamwogopa. Ana sheria moja anayoirudia kuliko sala: kila chombo kilichogusa maziwa kisuuzwe kwa maji safi ya maabara, na maji hayo nayo yapimwe, ili tujue kilichotoka kwa mbuzi na kilichotoka kwa chombo. "Chombo ni shahidi," husema. "Usimwache nje ya kesi."

Sasa Makena. Makena ni muuguzi Embu, kwao ni Mitunguu, na wakati huo tulikuwa tumeshakubaliana sisi wawili, kilichobaki ni wazazi. Baba yake ni Mwalimu Gitonga, alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na hadi leo hubeba kalamu mfuko wa shati kana kwamba kengele italia wakati wowote. Siku ya kwanza niliyopelekwa kusalimia, aliniangalia nikimaliza chai ndipo akaanza.

"Makena anasema unafanya kazi na sukari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kiwanda gani?"

"Si kiwanda, Mwalimu. Ni sukari inayoshikana na protini."

"Hiyo inauzwa?"

"Hapana."

"Inaliwa?"

"Inaliwa, lakini mtu hajui kama anaila."

Akatazama migomba yake iliyokuwa ikinyweshwa maji ya mfereji. "Kijana, mtoto asiyeweza kunieleza hesabu yake ubaoni, hiyo hesabu hajaijua. Siku ya kuja na wazee wako, kuja na ubao wako pia. Mimi siwezi kumpa mtu binti yangu bila kujua akiamka asubuhi anaenda kufanya nini. Nikielewa, tutaongea hayo mengine. Nisipoelewa, mtakunywa chai, mtarudi Embu."

Makena aliponisindikiza aliniambia baba yake anatania. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alimwona akitania. Akafikiri, akafikiri, akasema tuharakishe jua linazama.

Wiki chache baadaye nikarudi Mitunguu kikazi, kukusanya maziwa kwa wafugaji. Nilikuwa na kisanduku cha barafu na vichupa kumi na viwili, vyote vipya, vyote vimeandikwa namba, nikapita boma kwa boma kwa utaratibu mzuri mpaka vikaisha. Jioni nikapitia kwa Mama Makena kusalimia tu, maana kupita kijiji cha mtu bila kumsalimia mama mkwe mtarajiwa ni kujichimbia kaburi. Akaona kile kisanduku.

"Na mbuzi wangu?"

"Vichupa vimeisha, Mama. Nitarudi siku nyingine."

"Siku gani hiyo? Umepima ile ya jirani, yenye haiwezi kujaza kijiko, yangu ndiyo inabaki?"

Kabla sijapata la kusema alikuwa ameshaingia zizini. Akakamua, akaingia jikoni, akatoka na thamosi ya bluu yenye maua mekundu, kifuniko kimekazwa. "Hivi vichupa vyako ni kama vya dawa ya macho. Beba maziwa kwa kitu cha maana."

Hapa nawaomba mnielewe. Mama mkwe ana heshima yake, ile ambayo Wameru huiita nthoni, na heshima hiyo haikuruhusu kufungua thamosi aliyokupa ukaichungulia mbele yake, sembuse kuinusa, kana kwamba unasema jikoni kwake kuna uchafu. Wala huwezi kukataa. Mwanasayansi ndani yangu alinyanyua mkono aulize swali, mkwe akamkanyaga mguu, nikaipokea thamosi kwa mikono miwili na kushukuru.

Nikiwa Dallas niliyamimina maziwa kwenye kichupa cha kumi na tatu. Chini kabisa ya thamosi niliona vichembe vichache vya kahawia. Nikajiambia ni kutu ya kifuniko. (Kifuniko kilikuwa cha plastiki. Nimeshajiuliza swali hilo mara nyingi, msinisaidie.) Nikajiambia pia kwamba kesho nitaisuuza thamosi kwa maji ya maabara nichukue shahidi wangu, lakini asubuhi hiyo Makena alikuwa anaenda nyumbani, na chombo cha watu kwetu hakirudi kitupu, basi nikaijaza karanga mpaka shingoni nikampa, na shahidi akaondoka na karanga zake kurudi Mitunguu.

Zamu yetu ilipofika nikapeleka sampuli Nairobi peke yangu. Kumi na mbili za kwanza zikatoka kama zinavyotokaga. Ya kumi na tatu ilipotokea kwenye skrini nilisimama. Vilele vilikuwa vimejipanga kimoja baada ya kingine, kirefu, kifupi kidogo, kifupi zaidi, vinashuka kwenda kulia kwa nafasi zilizo sawasawa utadhani vimepimwa kwa rula: 1013, 1175, 1337, 1499, na vikaendelea. Mnyororo wa sukari mrefu namna ile, kwenye maziwa ya mbuzi, sikuwa nimewahi kuuona wala kuusoma popote. Na ulitoka wapi? Zizini kwa mama mkwe wangu. Niliketi tena kwa sababu miguu ilikuwa inataka kucheza.

Nikamtumia Daktari Wawira ujumbe: "Nimepata kitu kikubwa. Nitakuonyesha Jumamosi." Alikuwa tayari amekubali kuja na wazee wangu, kushuhudia kwamba kweli nina kazi. Jibu lake lilikuwa maneno mawili. "Chombo ulikisuuza?"

Nikamtumia kidole gumba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Si kwenye thamosi, hapo. Nilikuwa bado na nafasi ya kuandika "hapana", herufi sita, nikaona kidole ni rahisi, na tena nikajidanganya kwamba vile vichupa kumi na viwili vilikuwa safi, kwa hiyo kwa wastani sikuwa nimesema uongo.

Grafu nikaipeleka kwa wachapishaji mjini Embu itolewe kubwa, urefu wa mlango. Mwenye duka akaikunjua, akaitazama sana, akauliza, "Huyu anawania kiti gani?" Nami usiku huo nikampigia Makena, nikamwambia mbuzi wa mama yake si mbuzi wa kawaida. Nilimwambia yeye tu. Yeye akamwambia mama yake tu. Mama yake akakiambia kikundi cha akina mama wa kanisa, na kikundi kikaamua kwamba jambo kama hilo haliwezi kutangazwa bila wao kuwepo na sare zao.

Jumamosi tukafika. Mimi, baba yangu, wazee wawili wa ukoo, na Daktari Wawira akiwa amevaa gauni la kanisani. Uwanja ulikuwa umejaa. Na katikati, chini ya hema, alikuwepo mbuzi ameoshwa mpaka anang'aa, amefungwa utepe mwekundu shingoni, anakula maua ya meza.

"Huyo ndiye bibi harusi?" baba yangu akaniuliza polepole.

Nyuma yetu, Murithi, baba mdogo wa Makena, ambaye kazi yake kubwa katika ukoo ni kutia watu moyo kwa ubaya, akasema, "Leo tumeona maajabu. Watu huja na mbuzi kuchukua msichana. Huyu amekuja kutuambia mbuzi wetu tusimguse, ni wa serikali."

Tukala mukimo, tukaombewa, kisha Mwalimu Gitonga akainuka, akaonyesha ukuta wa nje wa sebule, mbele ya hema, ambapo karatasi yangu ilikuwa imetundikwa kwa misumari. "Sasa. Ubao ndio huu."

Nikaanza vizuri, nitajisifu hapo. Nikaeleza protini na mavazi yake, nikaeleza mashine na mnunuzi wa ndizi aliyefungwa macho, wamama wakacheka na kutikisa vichwa, hata Mwalimu akaacha kukunja uso. Kisha nikanyoosha fimbo kwenye vile vilele na kusema kwamba hapa, waheshimiwa, ndipo mbuzi wa Mama Makena alipotofautiana na mbuzi wa dunia nzima. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Makena akashika shavu kwa furaha. Mbuzi akalia, akapigiwa vigelegele naye.

Nilimtazama Daktari Wawira nikitarajia tabasamu. Alikuwa ameegemea mbele, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia bomba likivuja mahali fulani ndani ya nyumba.

Mwalimu naye alikuwa ameshatoa kalamu. Akakaribia ukuta, akarekebisha miwani, akaanza kuandika juu ya grafu yangu. "Elfu moja mia moja sabini na tano, toa elfu moja na kumi na tatu. Mia moja sitini na mbili." Akasogea. "Mia moja sitini na mbili." Akasogea tena. "Mia moja sitini na mbili. Kijana, hii ni ngazi. Kila kidato kinalingana na mwenzake. Ni kitu kimoja kinajirudia. Kitu gani kina uzito wa mia moja sitini na mbili?"

"Sukari moja, Mwalimu. Ikishikana na nyingine."

"Ile ile, kila mara?"

Nikafungua mdomo nijibu, na swali lake likaingia mahali ambapo halikuwa limeingia siku zote hizo nilipokuwa nikicheza dansi peke yangu.

"Njeru," akasema Daktari Wawira, kwa ile sauti ya chini. "Shina liko wapi?"

Niwaeleze. Vijinyororo hivi vya sukari haviotei hewani. Vina shina lake, sukari mbili za aina nyingine ambazo ndizo hushika protini, na bila shina hilo mnyororo haukutoka kwenye protini yoyote. Nami nilikuwa nimeshangilia matawi siku zote hizo bila kuuliza mti uko wapi. Nikatafuta shina kwenye karatasi yenye urefu wa mlango. Halikuwepo.

"Hii ni glukosi baada ya glukosi," akasema Daktari. "Huu ni wanga uliokatikakatika. Na mbuzi hatoi wanga kwenye maziwa. Njeru, maziwa haya yalibebwa na nini?"

"Thamosi," nikasema.

"Thamosi ya nini?"

Nilikuwa sijui. Ndiyo maana nilimtazama Mama Makena, na watu wote arobaini wakamtazama pia, na nikauona uso wake ukibadilika, furaha ikiteremka taratibu.

"Ni ile ya uji," akasema. "Ya kupelekea watu wa shamba asubuhi. Lakini niliisuuza."

"Uji wa nini, Mama?" Daktari akauliza kwa upole.

"Wa wimbi. Mimi huliacha liote kidogo kwanza, ndiyo uwe mtamu."

"Hapo sasa," akasema Daktari, akaegemea kiti chake. Wimbi likiota, wanga wake hukatika vipande vifupi vifupi. Vipande hivyo ndivyo vilikuwa vimetundikwa ukutani kwa misumari.

Hakuna aliyecheka. Akina mama wa sare walikuwa wanamtazama mwenzao, na nikaelewa kwamba kabla ya jioni ingekuwa imeshasemwa kijiji kizima kwamba Mama Makena hajui kuosha vyombo. Nilikuwa na sekunde chache. Ningeweza kunyamaza, thamosi ibebe lawama, nami nibaki mtaalamu aliyeponzwa na jiko la watu.

"Thamosi haina makosa," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa nasari. "Kusuuza kwa maabara ni kwingine, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliona vichembe nikavipuuza. Daktari aliniuliza kwa simu kama nimesuuza chombo, nikamtumia kidole gumba. Ulikuwa uongo. Mbuzi huyu ni mbuzi tu. Mwalimu, nimekuletea grafu ya uji."

Kisha Mwalimu Gitonga akageukia ukuta, akaitazama tena ngazi yake ya mia moja sitini na mbili.

"Ngoja kidogo. Hii mashine haikuwa inajua kama ni mbuzi au ni uji."

"Haikujua, Mwalimu."

"Imepima uzito tu."

"Uzito tu."

"Na kwa uzito peke yake, huyu mama ametoka Embu, hajawahi kuingia jikoni kwangu, amejua kuna wanga uliokatika kabla mke wangu hajataja wimbi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa uji uliobaki kwa thamosi iliyosuuzwa."

"Ndiyo."

Akafunga kalamu, akairudisha mfukoni. "Hiyo sasa nimeelewa," akasema. "Ile ya kwanza ya mavazi ya protini sikuwa nimeelewa kitu, nilikuwa nanyamaza kwa sababu ya wageni." Akamgeukia baba yangu. "Kijana wako ana kazi. Hajui kuifanya vizuri bado, lakini ni kazi. Tuingie ndani tuongee hayo mengine."

Ni Mama Makena aliyeanza kucheka. Alicheka kwanza peke yake, mkono mdomoni, kisha akashikilia bega la jirani, kisha hema zima likaangua kicheko. Murithi alikuwa chini kabisa, ameshika miguu ya kiti, anasema, "Ati mbuzi wa serikali. Mbuzi wa uji." Daktari Wawira alicheka akitoa machozi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona na ambalo Jumatatu hakutaka nilitaje. Wakati wazee wakiwa ndani kupanga siku, akina mama walipika uji, wakaniletea kikombe cha kwanza, wakasimama kunizunguka mpaka nikamaliza, na mmoja akaniuliza kama nimeona ngazi.

Tulipangiwa siku, tukaoana, na kwenye meza kuu ile thamosi ya bluu iliwekwa katikati ya keki na soda. Mbuzi nilimpima upya, kwa kichupa halali, na shahidi wake kando. Maziwa ni ya kawaida kabisa. Anaitwa Sukari hata hivyo, na anajua jina lake.

Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, simtumii tena mtu yeyote kidole gumba anaponiuliza swali lenye jibu la "hapana". La pili niliapishwa na mama mkwe mwenyewe. Mwezi uliopita tulikuwa tunaondoka kwake, akaja na thamosi ile ile mpaka mlangoni, maziwa ya kunywa safari hii, nami kwa mazoea nikainyoosha mikono yangu miwili nikitazama chini kwa heshima zangu zote. Hakuiachilia. Akafungua kifuniko mwenyewe, akainua thamosi mpaka usawa wa pua yangu, mbele ya mume wake na binti yake.

"Nusa kwanza," akasema.

Nikanusa. Nikamwambia ukweli: bado inanukia uji.

"Vizuri," akasema, akairudisha jikoni kuiosha tena.